Nilifungua Mzinga Saa Saba Mchana

Ijumaa, mwezi wa saba. Ukungu umekaa juu ya paa tangu alfajiri, na manyunyu yale ya Nyeri yasiyoamua kuwa mvua. Mlima Kenya hatujauona tangu Jumanne. Mimi nimetulia, jambo ambalo si kawaida yangu.

Wanaosoma blogu hii wananijua. Nimegombana humu na wauzaji wanaochemsha sukari na kuibandika jina la asali ya msituni. Nimegombana na wataalamu wa semina wanaowauzia watu mizinga kumi kabla ya kuwauliza kama wana maji. Nimegombana na wanaosema nyuki hawafugiki nyuma ya nyumba, kwenye robo ekari kama hii yangu, kando ya barabara ya Mweiga. Kwa hilo la mwisho bado nasimama pale pale.

Leo nimekaa kuandika dhidi ya mtu mmoja tu, na nimemfahamu miaka hamsini na moja.

Jumatano niliweka humu makala yenye kichwa cha habari kuhusu mashine na nyuki. Nilieleza jinsi mngurumo wa injini unavyowachokoza nyuki, na jinsi jirani yangu alivyowasha mashine ya kukatakata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, karibu na ua, nyuki wakamvamia yeye na ng'ombe wake mwenye mimba. Mmeisoma. Wengi mmeisifu. Mmoja ameandika kwamba majirani ndio adui mkubwa wa mfugaji wa nyuki.

Makala hiyo nimeiondoa asubuhi hii.

Kila nilichosema kuhusu injini ni kweli. Nyuki wetu hawapendi mtikisiko, na mfugaji mwenye akili haweki mzinga karibu na mashine. Lakini si mashine iliyowatoa nyuki Jumanne. Niliwatoa mimi. Uongo wangu ulisimama vizuri kwa sababu niliujenga kwa mawe ya kweli.

Sasa nieleze ilivyokuwa, kwa mpangilio, kama ambavyo ningemlazimisha mtu mwingine aeleze.

Nina mizinga mitatu ya mbao, ile ya fito juu, ambayo kila ufito unaning'iniza sega lake. Miwili iko chini kuelekea mto. Wa tatu niliuweka hapa juu, hatua sita kutoka ua wa kayaba, kwa sababu moja tu: unaonekana kutoka dirisha la meza yangu ya kuandikia. Napenda kuinua macho na kuwaona. Mlango wake unatazama ua, na ng'ambo ya ua kuna zizi la Mama Kariuki, jirani yangu. Ua wenyewe nilikuwa nimeupunguza mpaka kifuani ili upendeze.

Anayefuga nyuki tayari ameona makosa mawili, na bado sijafika Jumanne.

Miezi miwili iliyopita niliandika humu kwamba mzinga ufunguliwe mchana wakati jua limewaka, kwa kuwa saa hizo nyuki wakubwa wako nje wanatafuta chakula na ndani wamebaki wachache. Nilitoa hayo vitabuni. Ninavyo vitabu vingi vya nyuki, vizuri, na karibu vyote vimeandikwa na watu wa nchi za baridi kuhusu nyuki wao. Msomaji mmoja anayejiita Wa Mweiga akajibu kwa sentensi mbili. Alisema nyuki wa huku wakifunguliwa mchana wa jua huwa wakali, na kwamba afadhali ningoje jioni. Hakunitukana hata kidogo.

Mimi nilimjibu kwa aya tisa. Nilimwita mtumwa wa mazoea. Nilisema watu kama yeye huvuna asali gizani kama wezi kwa sababu hawajawahi kufungua kitabu. Kisha nikaahidi picha: mimi, mchana, bila glavu, sega mkononi.

Ukungu ukakaa wiki nzima. Nyuki hawakutoka, na maua yalikuwa machache. Hapakuwa na sababu yoyote ya kufungua mzinga. Julai huku ni mwezi wa kuwaacha. Unahakikisha mfuniko haupitishi maji, unapaka grisi miguu ya mzinga siafu wasipande, unaondoka. Hilo nalijua na nimelifundisha.

Jumanne saa sita na nusu jua likatoka. Nilikuwa nakula ndizi mbivu, zile nene za soko la Kagio. Nilikula mbili nikiwa nimesimama dirishani, nikafuta mikono kwenye suruali, nikachukua simu.

Harufu ya ndizi mbivu inafanana na harufu ambayo nyuki hutoa akiwaita wenzake vitani. Hiyo pia imo katika vitabu vyangu. Imo hata katika kile kile kilichoniambia nifungue mchana. Nimeupata ukurasa jana. Hauna alama yangu ya penseli, wakati kurasa zote zilizokubaliana nami zina alama.

Saa saba kamili nilipuliza moshi mara mbili tatu za haraka, nikainua ufito wa kwanza, nikainua wa pili. Simu ilikuwa mkono wa kushoto. Nililigeuza sega upande ili mwanga ulipige. Lilikuwa sega jipya, jeupe, limelainika kwa jua. Sega kama hilo halilazwi ubavu hata siku moja. Linashikwa likining'inia vile lilivyojengwa. Likakatika kwenye ufito na kuanguka ndani juu ya masega mengine.

Sauti iliyotoka mzingani sitaieleza. Nilirudisha fito ovyo, nikatupa mfuniko juu, nikaingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Ng'ambo ya ua, wakati huo huo, Mama Kariuki alikuwa amewasha mashine.

Karembo, ng'ombe wake, alikuwa amefungwa kwa kamba fupi. Ana mimba ya miezi minane. Mama Kariuki ni mjane wa miaka sitini na kitu, na bega lake la kulia halijapona tangu alipoteleza kwenye matope mwaka jana. Ndiyo maana watoto wake walimletea mashine. Alikimbia, lakini alikimbilia kwa ng'ombe. Alikata kamba kwa panga, akammwagia maji ndoo baada ya ndoo, akamfunika kwa magunia yaliyolowa. Aliumwa shingoni na mikononi. Haya yote niliyaona kutoka dirishani wakati navaa ovaroli.

Kisha nikatoka. Nilitoka nimevaa kila kitu: kofia ya wavu, glavu, gambuti, moshi ukifuka mkononi kama mtu wa zimamoto. Nilifukiza zizi mpaka nyuki wakatawanyika. Nikavua glavu, nikamkwangua Mama Kariuki miiba ya nyuki shingoni kwa ukucha, maana ukiibana unasukuma sumu ndani. Akanishukuru.

Nami nikasema, "Mama Kariuki, ni hii mashine."

Nilisema hivyo kabla hajauliza.

Daktari wa mifugo alikuja saa kumi, akamdunga ng'ombe sindano. Alisema Karembo mwenyewe atapona, lakini ndama hana uhakika naye. Tungoje siku tatu. Karembo asipoharibu mimba, na ndama akiendelea kucheza tumboni, basi mambo ni salama. Ng'ombe huyo ndiye kila kitu katika nyumba ile. Ndama aliyeko tumboni, akiwa jike, ameshaahidiwa kubaki. Mama Kariuki hana mpango mwingine.

Jumatano asubuhi alibisha mlangoni kwangu na mfuko wa waru, viazi vya shambani kwake. Shingo ilikuwa imevimba.

"Baba Muthoni, nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Hiyo mashine nimeifungia stoo. Nilichokoza wadudu wako bila kujua."

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na kahawa mkononi, nyumba ilikuwa kimya, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikaweka kahawa chini, nikapokea mfuko. Nikamwambia asijali.

Kisha nikaketi na kuandika ile makala.

Jana, Alhamisi, mambo mawili yalitokea. Kwanza, mke wangu alifunua sufuria jikoni akakuta lile sega, ambalo nililitoa mzingani Jumanne jioni vipande vipande. Ndipo nyuki walipotulia kabisa, jioni, wakaniacha nifanye kazi karibu bila kunigusa. Mama Muthoni ni mwalimu wa hesabu. Huwa hapandishi sauti.

"Mashine ilikuwa upande ule wa ua," alisema. "Sega limevunjikaje upande huu?"

Akafunika sufuria, akaenda zake shuleni.

Pili, nilisikia panga. Kutoka mezani kwangu nilisikia mtu akikata nepia kwa panga juu ya gogo, pigo moja, kimya kirefu, pigo lingine. Niliinuka nikatazama. Mama Kariuki alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Jana nilijaribu kusoma. Nilijaribu kuandika makala nyingine, juu ya mbunge wetu. Lile panga liliendelea mpaka saa sita.

Leo asubuhi nimepita kwenye mwanya wa ua. Nilimkuta pale pale kwenye gogo, amejifunga leso kiunoni, koti la marehemu mume wake mabegani.

"Umekuja kuangalia mgonjwa?" aliuliza.

"Nimekuja kusema kitu."

"Kama ni maneno ya mashine, nimesikia. Hata funguo ya stoo sijui niliweka wapi."

"Si mashine, Mama Kariuki. Ni mimi. Jumanne nilifungua mzinga."

Panga likashuka, nepia ikakatika. Hakuinua kichwa.

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa saba ya mchana?"

"Ya mchana."

"Jua ikiwaka hivyo?"

"Ndiyo."

Hapo akaweka panga chini. "Baba yangu alikuwa na miatu kumi na mbili huko Endarasha, juu ya miti," alisema. Miatu ni mizinga ya magogo, kwa wasioijua. "Hakuna siku alipanda mti kabla kondoo zirudi nyumbani. Hata sisi watoto tulijua. Na wewe ati umesoma mpaka wapi?"

Lilikuwa swali zuri.

"Ulikuwa unatafuta nini huko ndani? Asali iko mwezi huu?"

"Hapana. Nilikuwa napiga picha."

"Picha ya nini?"

"Kuna mtu alinibishia mtandaoni."

"Alikutusi?"

"Hapana."

"Alikupiga?"

"Hapana, Mama Kariuki."

"Kwa hivyo mtu amekubishia huko kwa simu, na ng'ombe yangu ndio ikaenda kumjibu."

Nimebishana na watu wengi, wenye shahada na wasio nazo. Sikumbuki hoja yangu yoyote iliyowahi kufungwa vizuri namna hiyo.

"Na waru zangu ulikula?"

"Tulikula."

"Zilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana."

"Eeh. Hata mimi niliona ukizipokea na mikono miwili." Akanyoosha panga, mpini ukielekea kwangu. "Shika. Kata fupi, si kama kuni. Hiyo ni ng'ombe, si jiko."

Nikakata. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akishika bega lake. Nilijua anafikiri kuhusu chifu, anayesikiliza mashtaka ya majirani. Ningekuwa yeye, ningekuwa nimeshafika ofisini kwake.

"Nikienda kwa chifu leo," alisema hatimaye, "hiyo mizinga yako inatoka kabla ya Jumapili."

"Najua."

"Yote tatu."

"Najua."

"Sitaki zitoke. Avocado zangu zilikuwa zinazaa ngapi kabla ulete hawa? Hii ya hapa ndio sitaki. Peleka chini kwa zile zingine, iangalie mto. Hii ua uache imee mpaka ipite kichwa yako. Na siku unafungua, unasimama hapo, unaita: Mama Kariuki, nafungua. Mimi natoa ng'ombe. Si ni kitu rahisi?"

"Ni rahisi."

"Na hiyo mambo ya mashine umeandika, mtoto wangu alinisomea kwa simu. Ati jirani asiyejua. Hiyo jirani ni mimi?"

Nilisema ndiyo.

"Basi andika ingine," alisema.

Hii ndiyo hiyo ingine.

Kwa hiyo, kwa wanaofuga nyuki nyuma ya nyumba, nafuta ushauri wangu wa miezi miwili iliyopita. Nyuki wa huku hufunguliwa jioni, kuanzia saa kumi na moja, siku kavu isiyo na upepo, ili wakikasirika wawe na giza la kuwarudisha ndani. Moshi uwe wa baridi na wa kutosha, wa magunzi ya mahindi au kinyesi kikavu cha ng'ombe, na uupe muda kabla hujagusa kitu. Msile ndizi. Msijipake manukato. Nguo ziwe nyeupe au za rangi ya maziwa. Ile sweta nyeusi ya sufu tunayoishi ndani yake Julai nzima iacheni nyumbani. Mlango wa mzinga usitazame njia wala zizi, na ua uwe mrefu kuliko mtu, kwa sababu nyuki anayelazimika kuruka juu ya ua hupita juu ya vichwa vya watu. Mnyama hafungwi kamba karibu na mzinga, kwa maana mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia.

Na jirani huambiwa kabla. Hilo halimo katika kitabu changu hata kimoja. Nimetafuta.

Kuhusu kuhamisha mzinga: msiubebe siku moja kutoka juu hadi chini. Nyuki wameikariri sehemu, si sanduku. Ukiupeleka mita thelathini, kesho watarudi pale pale pa zamani wakute hewa tupu, wazunguke mpaka wafe. Husogezwa kidogo kidogo, hatua moja kila jioni wakishaingia, na siku za ukungu wasizoruka hazihesabiwi. Nimepima kwa miguu. Kutoka mzinga huu hadi mizinga ya chini ni hatua arobaini na mbili. Kila jioni nitasimama kwenye ua na kuita jina la jirani yangu. Ikibidi, mpaka mwezi wa tisa.

Wa Mweiga, kama unasoma: ulikuwa sahihi kwa sentensi mbili, nami nilikosea kwa aya tisa. Aya hizo nimeziacha pale pale chini ya maneno yako. Watu wazione.

Sijui kama ninajuta au nimeaibika tu. Nimejaribu kutenganisha hayo mawili tangu saa nne na bado sijaweza. Ninachojua ni kwamba Jumatano, mfuko wa waru ulipokuwa mikononi mwangu, nilijisikia nimeshinda. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko ndizi, kuliko picha.

Picha yenyewe haikutoka. Ni kidole changu na jua.

Kabla sijaondoka zizini nilimuuliza kuhusu ndama, maana leo ndiyo siku ya tatu. Mama Kariuki aliinuka kwenye ndoo. Alinishika mkono, akauweka ubavuni mwa Karembo, chini, upande wa kulia, akaukandamiza. Ngozi ilikuwa na vinundu kila mahali, na ilikuwa ya moto. Tulisimama hivyo. Ng'ombe alikuwa anatafuna nepia yangu, niliyoikata ndefu mno. Sikuhisi kitu.

"Hakuna," nilisema.

"Nyamaza. Huwa inalala saa hizi." Aliuacha mkono wangu pale kidogo, kisha akautoa. "Jana ilicheza jioni. Rudi jioni. Si sasa wewe pia unajua jioni ni nini?"

Sasa ni saa kumi na moja na dakika kumi. Manyunyu yameacha, na mchana nyuki waliruka kidogo. Mlangoni mwa mzinga kumebaki nyuki wawili watatu, nao wanaingia. Nimeosha mikono kwa sabuni mara mbili, na panga nimelinoa kwa ajili ya nepia.

Kwanza ile hatua moja. Halafu naenda kuweka mkono ubavuni mwa Karembo tena, na safari hii nitangoja kadiri Mama Kariuki atakavyoniambia nisubiri.